Naagizwa Kuondoa Jeki Mapema: Nikatae Vipi Bila Kupoteza Kazi?

Kwako Mshauri,

Mimi ni seremala wa shataringi, na kwa miaka kadhaa sasa ninaongoza kundi la mafundi na wasaidizi wao wanaofanya kazi chini ya mkandarasi mdogo. Kazi yetu ni kufunga mbao, mabodi, mirunda (miti ya kuegemeza) na jeki (nguzo za chuma za mabomba mawili, moja ndani ya jingine) zinazoshikilia zege la nguzo, boriti na slabu, yaani sakafu ya zege ya kila orofa, kisha kuzifungua zege likishakomaa. Kazi hii naipenda na naamini naimudu, lakini katika jengo tunalojenga sasa kuna jambo linaloninyima usingizi, na sina wa kumweleza pale kazini.

Jengo ni la orofa kadhaa. Slabu zake zina urefu wa karibu mita 5 kati ya boriti na boriti, na boriti zenyewe zinafika mita 6. Mabodi na jeki zilizoletwa zinatosha orofa moja na sehemu ndogo ya pili. Kwa hiyo kila tunapomaliza kumwaga slabu, siku ya nne au ya tano msimamizi hutuagiza tuondoe kila kitu kilicho chini yake, jeki za boriti zikiwemo, tuvipandishe juu tuanze orofa inayofuata. Nilipomuuliza kama mhandisi ameridhia, alichukua nyundo, akaigonga slabu kwa chini, akaniambia nisikilize inavyolia: zege limekauka, hakuna cha kuogopa. Nilipotaka kuongea zaidi alinijibu kwamba mafundi wa shataringi wako wengi.

Katika orofa iliyopita nilivuta uzi chini ya boriti moja baada ya kuifungua, nikaona imeshuka katikati kwa karibu unene wa kidole, na upande wa chini kulikuwa na nyufa nyembamba. Niliambiwa plasta itafunika. Nitaje pia kwamba baadhi ya jeki zetu zimepoteza pini zake na tunatumia vipande vya nondo mahali pake, na kwamba kwenye ukumbi wa chini, ambao dari yake iko juu sana, tuliunganisha mirunda kwa misumari ili ifike.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba hata kundi langu haliko pamoja nami. Tunalipwa kwa mita ya mraba, na hesabu ya malipo hufungwa siku shataringi inapofunguliwa, hivyo kila siku jeki zinapobaki chini ya slabu vijana huona ni siku ya njaa. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye namheshimu kama baba yangu, bado yuko nasi, na yeye husema kwamba amefungua slabu za siku tatu maisha yake yote na hakuna iliyoanguka. Nikimpinga mbele ya vijana nitaonekana sina adabu. Nikinyamaza, mimi ndiye ninayewaingiza watu chini ya slabu hiyo.

Nifanyeje? Je, sauti ya nyundo inaweza kutuambia kweli kwamba zege limekomaa? Nina haki ya kukataa agizo la msimamizi? Na kama ninayo, nitakataaje bila kulikosesha kundi zima riziki?

Ni mimi,
Fundi wa Shataringi

Ndugu Fundi,

Kabla sijajibu ulichouliza, naomba nianze na mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, kwa sababu hayo ndiyo yasiyoweza kusubiri.

La kwanza ni boriti iliyoshuka. Boriti iliyolegea katikati na kuonyesha nyufa upande wa chini, ilhali juu yake mnaendelea kupandisha orofa nyingine, ni habari ambayo mhandisi wa jengo anapaswa kuipata leo, na zege jingine lisimwagwe juu yake kabla hajaitazama. Inawezekana kwamba mbao zilishuka wakati wa kumwaga na boriti ikagandia ikiwa tayari imeinama, na inawezekana kwamba imeinama kwa kuwa ilibebeshwa mzigo ikiwa changa. Tofauti ya sababu hizo mbili ni kubwa sana, na wa kuitambua ni mtu mwenye michoro na hesabu za jengo, si wewe, si msimamizi, na wala si mimi ninayesoma barua. Wakati mnamsubiri, rudisheni jeki chini ya boriti hiyo, na mzikaze kiasi cha kuigusa na kuipokea tu. Msijaribu kuisukuma irudi juu, kwa sababu kuisukuma kwa nguvu kunaweza kuipasua upande wa juu, mahali ambapo nondo hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Plasta isipakwe hapo kabisa. Ufa ulio wazi unaweza kuwekewa alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, na baada ya siku chache mkajua kama unaendelea kukua. Ufa uliopakwa plasta hauwezi kupimwa.

La pili ni pini za jeki. Pini ya jeki ya chuma hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu maalumu na kwa unene unaojaza tundu lake, kwa sababu mzigo wote unaoshuka kwenye bomba la ndani hupita katika pini hiyo moja kabla ya kufika kwenye bomba la nje. Kipande cha nondo kilicho chembamba kuliko tundu hukaa kikicheza, hupokea mzigo mahali padogo, hupinda na hatimaye huweza kukatika, na jeki iliyokatika pini haitoi onyo lolote. Jeki moja ikiondoka, mzigo wake hurukia jeki za jirani, ambazo huenda nazo zina vipande vya nondo. Kwa hiyo kusanyeni jeki zote zisizo na pini zake, muziweke pembeni, na zisitumike hadi pini sahihi zipatikane. Hili liko mikononi mwenu na halihitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Kuhusu mirunda iliyoungwa kwa ajili ya ukumbi wa chini, kumbuka kwamba mrunda mwembamba haushindwi kwa kupondeka bali kwa kupinda, na uwezo wake wa kustahimili kupinda hupungua haraka kuliko urefu unavyoongezeka: ukiuongeza urefu mara mbili, uwezo huo hushuka hadi robo. Kiungo cha misumari kikiwa katikati, yaani mahali hasa ambapo mrunda hutaka kupinda, hata robo hiyo haina uhakika. Palipo na dari ndefu, tumieni jeki au jukwaa la chuma lililotengenezwa kwa urefu huo, na kama ni lazima mbao itumike, iwe mbao moja isiyoungwa, iliyofungwa kwa mbao za kukingamisha katikati ya urefu wake katika pande zote mbili. Kufunga upande mmoja tu hakutoshi, kwa sababu mrunda utapinda kuelekea upande ule mwingine.

Sasa nije kwenye nyundo. Msimamizi wako anapogonga slabu na kusikia inalia, anachokisikia ni ugumu wa uso wake, na uso wa zege huwa mgumu mapema sana. Sauti inaweza kukuambia mahali palipo na uwazi au tabaka lililoachana, lakini haiwezi kukuambia zege limefikia sehemu gani ya nguvu iliyokusudiwa na mhandisi. Hata neno analolitumia, kwamba zege limekauka, linaonyesha mahali kosa lilipoanzia. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Hupata nguvu kwa simenti kuungana na maji, na muungano huo huchukua siku nyingi. Slabu iliyokauka mapema kwa jua au upepo kabla haijamwagiliwa vya kutosha ni slabu iliyokatiziwa safari yake, ijapokuwa kwa mguso na kwa sauti itaonekana ngumu kuliko jirani yake iliyokuwa ikimwagiliwa. Nguvu anayoitegemea mhandisi katika hesabu zake hupimwa zege likiwa na umri wa siku 28. Katika siku ya 7, kwa simenti ya kawaida na joto la wastani, zege huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo. Siku ya nne liko chini ya hapo, na kama hali ya hewa ni ya baridi, au simenti ni ya aina inayokomaa polepole, liko chini zaidi.

Njia ya kuaminika ni kupima. Siku ya kumwaga huchukuliwa zege lile lile na kujazwa katika kalibu za mchemraba, ambazo kwa kawaida huwa na sentimita 15 kila upande, kisha michemraba hiyo huvunjwa kwa mashine ili kujua inastahimili mzigo kiasi gani. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalizingatii: michemraba inayotunzwa ndani ya maji kwenye maabara hukomaa katika mazingira mazuri kuliko slabu iliyoko juu ya jengo. Michemraba ya kuamulia lini shataringi ifunguliwe inapaswa kulala pale pale slabu ilipo, ipate jua lile lile, baridi ile ile na umwagiliaji ule ule. Muulize mhandisi kama michemraba ya namna hiyo ipo. Ni swali la kawaida, na mhandisi makini atafurahi kuulizwa na fundi.

Pale ambapo hakuna majaribio, viwango vya ujenzi huweka siku za chini kabisa za kusubiri. Nchi hutofautiana, na cha kwanza kufuata ni maelezo yaliyoandikwa kwenye michoro ya jengo lenu, lakini nitakutajia kiwango kimoja ili uone ukubwa wa pengo. Kiwango cha India kinachoitwa IS 456, toleo la mwaka 2000, kwa simenti ya kawaida na joto lisiloshuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, huruhusu mbao za pembeni, kama za nguzo na kuta, kufunguliwa baada ya saa 16 hadi 24. Bodi za chini ya slabu zinaweza kuondolewa baada ya siku 3, kwa sharti kwamba jeki zirudishwe mara moja. Jeki zenyewe hubaki siku 7 kwa slabu isiyozidi mita 4.5 na siku 14 kwa iliyozidi hapo. Jeki za boriti hubaki siku 14 kwa urefu wa hadi mita 6, na siku 21 ukizidi mita 6. Linganisha na kwenu: slabu za mita 5 na boriti za mita 6 zinaondolewa kila kitu siku ya nne au ya tano. Mzee wako anaposema kwamba amefungua slabu za siku tatu maisha yake yote, huenda anasema kweli kuhusu bodi. Swali la kumuuliza kwa upole ni kama siku hizo jeki nazo hazikurudishwa.

Lakini hata siku hizo za kusubiri hazimalizi suala, kwa sababu zinahusu slabu inayojibeba yenyewe tu, wakati ya kwenu inabebeshwa orofa inayofuata. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa takriban kilo 2,500. Slabu yenye unene wa sentimita 15 ina basi kilo 375 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha mita 5 kwa 5 kina zaidi ya tani 9 za zege bichi, kabla hujahesabu mbao, watu, mashine ya kutetemesha zege na lundo linalomwagwa mahali pamoja kabla ya kusambazwa. Uzito huo wote unashuka kupitia jeki hadi kwenye slabu ya chini. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba, zaidi ya uzito wake na wa sakafu na kuta za kugawia vyumba, kilo 150 hadi 200 za watu na samani kwa kila mita ya mraba. Utaona mwenyewe kwamba zege bichi la orofa ya juu linaweza kuielemea hata slabu iliyokwisha kukomaa, seuze changa ya siku chache. Ndiyo sababu katika majengo ya orofa nyingi jeki huachwa katika orofa mbili au zaidi kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine kwa mstari ulionyooka, ili mzigo ugawanywe kwa slabu kadhaa zenye umri tofauti. Ni orofa ngapi, hilo ni la mhandisi kulipigia hesabu.

Haya yamekwisha kugharimu maisha ya mafundi wenzetu. Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads katika jimbo la Virginia, Marekani, jengo refu la Skyline Plaza lilikuwa limefikia kumwagwa zege la orofa ya 24. Jeki zilizoishikilia orofa ya 23 zilikuwa zimeondolewa mapema mno, slabu ikatobolewa kuzunguka vichwa vya nguzo, ikaanguka juu ya ile ya chini yake, na sehemu hiyo ya jengo ikaporomoka hadi ardhini. Wafanyakazi 14 walikufa na 34 walijeruhiwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island katika jimbo la West Virginia, wafanyakazi 51 walikufa walipokuwa wakijenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Shataringi na jukwaa walilosimamia vilikuwa vimefungwa kwa bolti kwenye zege lililomwagwa siku iliyotangulia, nalo halikuwa limepata nguvu ya kuvibeba. Katika miradi yote miwili walikuwepo wahandisi, mikataba na vifaa vya kisasa. Kilichokosekana ni muda wa zege kukomaa.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu nataka uingie kwenye mazungumzo na msimamizi ukiwa na hoja, si hofu peke yake. Hata hivyo, ukienda kwake na hoja za hatari tu, utakuwa umemwongezea tatizo bila kumpa njia ya kutokea. Tatizo lake ni la kweli: vifaa havitoshi na ratiba inamkimbiza. Na katika hilo seremala wa shataringi ana mchango ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa.

Pangeni slabu inayofuata kwa namna ambayo bodi nyingi zinaweza kutoka bila jeki kuguswa. Katika kila mstari wa jeki zitakazobaki, wekeni ukanda mwembamba wa bodi unaokaa moja kwa moja juu ya jeki hizo, na bodi kubwa zipangwe kati ya ukanda na ukanda, zikiegemea mbao ambazo zina jeki zake tofauti za muda. Siku ya kufungua, mnalegeza jeki za muda na kutoa mbao na bodi kubwa, huku kanda na jeki zake zikibaki zilipo, na slabu haijapata hata dakika moja ya kukosa msaada. Njia hii ni bora kuliko kuondoa kila kitu na kuzirudisha jeki baadaye, kwa sababu slabu ikishaachwa huwa tayari imebeba mzigo wake, na jeki inayorudishwa mara nyingi hukazwa kwa kukisia. Umbali kati ya kanda na idadi ya jeki zipangwe na mhandisi. Mkifanya hivyo mtapandisha juu sehemu kubwa ya mabodi na mbao kwa ratiba isiyo mbali sana na anayoitaka msimamizi, na kitakachokosekana kitakuwa jeki za ziada peke yake, ambazo mkandarasi anaweza kuzikodi. Mchoro wa mkono unaoonyesha mpango huo, wenye hesabu ya jeki zinazopungua, utasikilizwa kuliko malalamiko.

Nenda kwake faraghani, si mbele ya wafanyakazi wake, ukiwa na mchoro huo. Mweleze kwamba uko tayari kufungua siku yoyote mhandisi atakayoruhusu kwa maandishi, na umkabidhi karatasi fupi yenye maneno kama haya: “Slabu ya orofa ya nne ilimwagwa tarehe fulani. Tumeagizwa kuondoa jeki za slabu na boriti tarehe fulani. Tunaomba idhini ya mhandisi kwa maandishi kabla ya kuanza, pamoja na maelekezo ya jeki zitakazobaki.” Usiandike lawama humo. Baki na nakala. Karatasi kama hiyo hufanya jambo moja ambalo mabishano hayawezi kulifanya: inamkumbusha kila aliyeishika kwamba uamuzi huu una mwenyewe, na kwamba mwenyewe si anayegonga kwa nyundo. Akikataa kuipeleka kwa mhandisi, ipeleke wewe, ukiwa pamoja na angalau watu wawili wa kundi lako.

Umeuliza kama una haki ya kukataa. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, unataka katika Ibara ya 12 sheria za nchi zimpe mfanyakazi haki ya kujiondoa kwenye hatari pale anapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ni kubwa na iko karibu, na zimpe pia wajibu wa kumwarifu msimamizi wake mara moja. Ibara ya 22 inataka kazi ya shataringi na nguzo zake za kuegemeza ifanywe chini ya usimamizi wa mtu mwenye ujuzi huo. Mkataba huzifunga nchi zilizouridhia, na nchi nyingine nyingi zina masharti yanayofanana katika sheria zao za usalama kazini, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi sheria yenu inasemaje hasa. Sitakudanganya kwamba haki hiyo itakulinda daima dhidi ya kuambiwa kesho usirudi. Inaweza kutokea. Lakini ukiagizwa kuondoa jeki chini ya boriti ya siku tano bila idhini ya mhandisi, juu yake kukiwa kunaandaliwa zege jingine, ushauri wangu ni mmoja tu: usiziondoe, na usimruhusu kijana yeyote wa kundi lako aingie kuziondoa. Kazi nyingine inaweza kutafutwa, hata ikichukua muda.

Kuhusu malipo, naona kwamba mkataba wenu wenyewe ndio unaowasukuma vijana. Maadamu hesabu hufungwa siku ya kufungua, kila jeki inayobaki ni fedha iliyozuiliwa, na huwezi kuwalaumu kwa kutaka iondoke. Ombeni bei igawanywe: sehemu kubwa ilipwe shataringi inapokaguliwa na zege kumwagwa, kwa kuwa hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi yenu imefanyika, na sehemu iliyobaki ilipwe mnapofungua, siku itakayopangwa na mhandisi. Kurudi kuondoa jeki za mwisho kuwe na bei yake. Mkandarasi haongezewi gharama kubwa kwa mpango huu, maana jumla inaweza kubaki karibu ile ile, na kwa kundi lako utaondoa sababu ya kukupinga. Naamini utashangaa jinsi vijana watakavyobadilika.

Amebaki mzee wako, na najua kwamba hapa ndipo panapokuuma zaidi. Usimbishie kuhusu majengo aliyoyajenga zamani. Hujui yalikuwa na slabu za urefu gani, wala zilibebeshwa nini na lini. Mfuate akiwa peke yake, mwonyeshe ile boriti iliyoshuka, vuta uzi mbele yake, na umwache aseme anachokiona. Kisha mwombe msaada katika jambo ambalo wakongwe hulijua kuliko vitabu, yaani mpangilio wa kufungua: kwamba slabu iliyoegemea pande zote hulegezwa kuanzia katikati kuelekea kwenye boriti na nguzo, kwamba kibaraza kinachoning'inia hulegezwa kuanzia ncha yake ya nje kuelekea kwenye jengo, na kwamba jeki hushushwa kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa badala ya kupigwa nyundo ikaruka. Vijana wengi hawayajui haya, na wakiyafanya kinyume wanaweza kuipasua hata slabu iliyokomaa. Mkabidhi yeye pia daftari la tarehe za kumwaga na za idhini, na mkubaliane kwamba hakuna jeki itakayolegezwa kabla yeye hajalifungua na kuiona idhini ya siku hiyo.